Mkunga Aliyeogopa Kona

Kabla ya kuwasha gari, Mkunga alilizunguka kwanza. Haukuwa mzunguko wa dereva wa haraka anayepiga tairi teke na kuondoka. Alikwenda polepole, kiganja kikipapasa bodi, vile vile alivyopapasa matumbo ya wajawazito kutafuta kichwa cha mtoto kimelalia upande gani. Akifika tairi la nyuma huinama, huchungulia chini, huinuka akishika kiuno. Ndipo huingia, hufunga mkanda, hushika usukani kwa mikono yote miwili na kukaa kimya. Sisi abiria wake tulishajifunza kutosema neno wakati ule. Ukisema, huanza upya.

Mtaa wetu wa Shinyanga mjini ulimwita Mkunga hata baada ya kustaafu, na wengi waliomwita hivyo walipokelewa duniani na mikono yake. Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kinatazamana na geti lake, kwa hiyo kwa miaka mingi nimemwona akitoka na kurudi, na mara nyingi nimetoka na kurudi naye. Alipenda kunichukua safarini. Si kwa maongezi, maana akiwa anaendesha hakutaka maongezi.

"Baba Kulwa, wewe kaa kushoto usikilize," alikuwa akiniambia. "Mimi nasikiliza kulia."

"Nisikilize nini, Mama?"

"Chochote."

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, la Kifaransa, la zamani, refu nyuma kama jeneza la tajiri. Liliachwa na marehemu mumewe. Vijana wa bodaboda walipenda kupiga nalo picha. Lilikuwa laini ajabu. Ukipita nalo kwenye mashimo unadhani umekaa kwenye godoro, lakini ukilipeleka kwenye kona linalala upande kama ng'ombe aliyechoka. Mwanawe mkubwa, anayeishi Dar, kila akipiga simu alikuwa na wimbo mmoja: mama auze, anunue kigari kidogo cha kisasa.

"Na mjamzito nimlaze wapi kwenye hicho kigari?" Mkunga alimjibu siku moja mbele yangu, simu ameishika mbali na sikio. "Kwenye buti?"

Kiti cha nyuma cha gari lile kilikunjika, na mtu mzima akalala amenyooka. Kustaafu hakukumwachisha kazi. Watu wa vijijini walimfuata, naye akaenda.

Waliomwona barabarani walidhani ni mwoga. Alipiga honi kila kona, hata zile ambazo upande wa pili unaonekana wote mpaka kwenye mashamba ya watu. Mizigo aliipanga na kuipangua mpaka gari likae sawa. Abiria wanene aliwahamisha bila kuwaonea haya. Alikuwa na misemo yake. "Kona haiamkiwi," alisema, akimaanisha kwamba kona haijali uzee wala heshima, huwezi kuipa shikamoo ikakuitikia marahaba. Na mwingine: "Dereva asiyeogopa amebeba watu asiowapenda." Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, rozari ikining'inia kwenye kioo, lakini ukimwambia Mungu atatufikisha, alikukatiza: "Mungu hakazi nati, Baba Kulwa." Halafu huyo huyo, akipitwa na bodaboda iliyopakia mbuzi, alikasirika na kukanyaga mafuta mpaka mimi ndiye niliyeanza kusali.

Hao waliomwita mwoga hawakuwahi kumwona kazini. Mimi nilimwona siku moja tu, Kishapu, siku ya mnada. Nilikwenda kuuza nguo, yeye alikwenda kununua kuku. Mwanamke mmoja alishikwa na uchungu kwenye ghala la pamba, na wanaume waliokuwa wakipanga magunia wakatawanyika kama wamefukuzwa na nyuki. Mkunga akaniomba kitenge kimoja kwenye bidhaa zangu, akaingia. Nilisimama mlangoni nikiwa nimewapa mgongo. Nilimsikia mama yule akipiga kelele kwa Kisukuma, kisha nikasikia sauti ya Mkunga, nyembamba, tulivu, kama anayemwelekeza mtu njia ya kisimani: "Tulia, mwanangu. Amejizungushia kitovu shingoni. Amejifunga mwenyewe, sisi tutamfungua." Kukawa kimya. Kisha mtoto akalia. Mkunga alitoka akijifuta mikono, akauliza kama nyuma ya ghala wanauza chai.

Jioni ile ile, tukirudi, ng'ombe wakakatiza barabara. Ilikuwa kwenye kona, na mchungaji alikuwa mbali nyuma. Mkunga alikata usukani, akaurudisha, na gari likalala. Tenga la kuku lililokuwa upande wake likaja mapajani kwangu. Dirishani kwangu sikuona anga wala nyasi, niliona udongo tu. Kisha likarudi, likapita kiasi upande wa pili, likayumbayumba na kusimama. Vumbi likatupita.

Mikono iliyokuwa imemfungua mtoto kitovu shingoni ilikuwa imeung'ang'ania usukani.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona, Mama. Lakini tumepona."

"Tairi za kulia ziliondoka chini."

"Sidhani kama..."

"Ziliondoka. Usukani ulikuwa mwepesi kama umeshika sahani."

Tangu siku ile hakuwa na amani. Alianza kuuliza habari za stabilaiza. Mimi neno lenyewe nilikuwa nalisikia tu kwenye gereji. Yeye ndiye aliyenieleza, akichora vumbini mbele ya kibaraza changu kwa kijiti. Ni fimbo ya chuma iliyopinda ncha zote mbili, inayounganisha gurudumu la upande huu na la upande ule. Gari likitaka kulala kwenye kona, fimbo ile inakataa kusokotwa, na kwa kukataa huko inalirudisha gari lisimame. Ikiwa nyembamba, inakubali mapema. Ikiwa nene, inabisha. Gari lake lilikuja na moja mbele, nyembamba kama mwanzi, na nyuma halikuwa na kitu. Waliolitengeneza walitaka abiria astarehe.

Geita kulikuwa na muuza spea aliyekuwa na jozi nzima, ya mbele na ya nyuma. Hazikuwa za kiwanda kilichounda gari; zilitengenezwa kwingine kwa ajili ya watu wanaotaka magari ya zamani yashike barabara. Tulikwenda kuziangalia. Duka lilikuwa katikati ya wanunuzi wa dhahabu na mafundi wa pampu za mashimoni, na mwenye duka alikuwa na mdomo wa dukani.

"Shikamoo Mama. Hizi zikikaa, gari lako litashika lami kama mjusi ukutani."

"Marahaba. Na kwenye tope?"

"Mama, mjusi ni mjusi."

Mkunga hakucheka. Aliiinua ile ya nyuma, akaipima uzito, akaizungusha. Ilikuwa nene kuliko dole gumba lake. Aliirudisha chini na tukaondoka bila kununua. Njia nzima alikuwa akitafuna mdomo.

Kilichofuata kilituchosha wote mtaani. Aliuliza kila mtu. Aliwauliza madereva wa malori wanaosimama kula barabara ya Kahama. Alimuuliza dereva wa paroko. Fundi wake wa gari, mwanamume mpole mwenye gereji nyuma ya soko, alimuuliza mpaka akaanza kujificha.

"Ya mbele, sawa," Fundi alimwambia siku nilipokuwepo. "Badili, tia na bushi mpya, utaona tofauti. Ya nyuma ni nene mno kwa gari hili. Nyuma ni jepesi usipopakia. Kwenye lami litakuwa zuri sana, Mama, sikudanganyi. Kwenye matope magurudumu ya nyuma yatakosa uhuru, na mkia utataka kutangulia."

"Na nikiweka ya mbele peke yake?"

"Litapunguza kulala."

"Litapunguza. Halitaacha."

"Halitaacha. Ni gari la namna hiyo."

Usiku hakulala, alisema. Akaja kibarazani kwangu asubuhi, akavuta kiti.

"Wewe unasemaje?"

"Mama, mimi najua suruali."

"Basi sema kwa suruali."

Nikafikiri. "Ukibana sana mahali pamoja, mshono unaachia mahali pengine."

Aliinuka, akarudisha kiti, akaondoka. Wiki hiyo hiyo alikwenda Geita akanunua zote mbili.

Nilijua kwa nini, na sikumlaumu. Binti yake, Sofia, alikuwa mwalimu wa shule ya kijijini, ndani ndani huko ukiacha lami ya Buseresere. Alikuwa mjamzito. Mimba za kabla ya hiyo ziliharibika, na kila moja Mkunga alifika baada ya mambo kwisha. Safari hii aliapa kumfuata mapema na kumleta Shinyanga kabla ya siku zake, na katika akili yake njia nzima ya kwenda huko ilikuwa kona ile ya Kishapu ikijirudia. Kulala kwa gari alishakuona kwa macho. Kuteleza alikuwa amekusikia tu kwa mdomo wa Fundi.

Siku ya kufunga alifika gereji na chupa ya maji ya baraka, akavinyunyizia vyuma vyote viwili.

"Mama, vitashika kutu," Fundi alisema.

"Wewe paka grisi yako, mimi nanyunyiza yangu."

Fundi alifanya kazi kwa utaratibu. Alitoa ile nyembamba ya mbele, akaivalisha ile nene bushi mpya, zile pete za mpira, akaifunga kwa mabano ya chuma yanayoishikilia. Nyuma ikabidi kwanza apime na kufunga mabano ambayo hayakuwahi kuwepo. Lakini nati hakuzikaza za mwisho. Alilishusha gari likakaa kwa magurudumu yake, akamwomba Mkunga aingie akae kwenye kiti chake, ndipo akajilaza chini na kukaza.

"Kwa nini nikae?" Mkunga alipaza sauti.

"Ukikaza likiwa linaning'inia kwenye jeki, bushi zinakazwa zikiwa zimejipinda. Likishuka zinalia, na hazikawii kukatika."

Aliposhuka, Mkunga alijilaza naye, na kanga yake, akagusa kila nati kwa kidole. Fundi akasubiri amalize, kisha akamwonyesha kitu.

"Hii nati ya nyuma nimeielekeza nje, uifikie bila jeki. Likikusumbua kwenye utelezi, fungua upande mmoja tu. Fimbo ikiachiwa upande mmoja haifanyi kazi tena. Ifunge juu isiburute, uende zako."

Tulizunguka nalo mjini. Kwenye mzunguko wa barabara gari lilisimama wima kama askari. Mkunga alicheka, na mimi sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwenye usukani. Akazunguka tena. Tulipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimeisha.

"Limetulia mno," alisema.

Tulikwenda kumfuata Sofia wakati wa mvua. Lami yote mpaka Buseresere gari lilikwenda vizuri, na Mkunga hata alisahau kupiga honi kwenye kona kadhaa. Tuliingia barabara ya vumbi, ambayo siku hiyo ilikuwa bado ngumu, tukafika kwa Sofia salama. Mumewe alikuwa mashimoni, anachimba dhahabu, simu haipatikani. Tulipanga kuondoka naye kesho yake, taratibu, akiwa amekaa kitini kama mtu asiye mgonjwa.

Mvua ikanyesha. Asubuhi Sofia aliamka na damu.

Nilimwona Mkunga akitoka chumbani. Hakukimbia. Alitandika godoro nyuma ya gari, akaniambia nikae pale chini nimshike Sofia asirukeruke. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kwingine. Safari hii hakulizunguka gari. Aliliwasha tu.

Kona ya kwanza mkia ulitoka kidogo, akaurudisha. Nilimwona kwenye kioo, uso umekauka. Kona ya pili gari lilianza kwenda ubavu kabisa, taratibu, kama mtu anayeteleza huku bado anaongea, mpaka tairi la nyuma likagusa ukingo wa mtaro uliojaa maji mekundu. Sofia alilalamika. Mkunga alilitoa pale kwa gia ya kwanza, akaenda mwendo wa miguu, na hata kwa mwendo huo nyuma ilikuwa ikihangaika. Mbele yetu mteremko ulikuwa unashuka hadi darajani.

Akasimamisha gari. Akazima.

"Baba Kulwa, shuka."

"Tunasimama? Mama, tunasimama vipi?"

"Leta spana. Iko chini ya kiti."

Sofia akafumbua macho. "Mama, tumefika?"

"Bado, mwanangu. Nafungua kitu kidogo." Akamshika mkono, vidole kwenye mshipa, kisha akauachia.

Nilisimama kwenye mvua na spana mkononi, nikamtazama mama mzima akitandaza kanga kwenye tope. Nilitaka kumshika bega. Nilitaka mtu yeyote apite, aseme neno, achukue usukani.

"Mama," nilisema, "kuna muda?"

Alinitazama. Ile sauti ya ghala la pamba ikanijibu, nyembamba, bila haraka.

"Muda upo."

Akaingia chini. Nati ilikuwa imejaa udongo. Nilimsikia akihema, spana ikiteleza na kugonga chuma, akianza tena. Nyuma ya kioo Sofia alikuwa akiita jina la mumewe. Niliona miguu ya Mkunga ikijikaza, visigino vikichimba tope, na sikujua niombee nini, nati au damu. Kisha akasema, "Imetoka. Leta ule mpira." Nikachukua utepe wa tyubu tuliofungia mizigo, nikajilaza karibu naye, tukaifunga ile ncha juu isiguse chini. Mikono yangu ilikuwa ikishindwa kufunga fundo, mimi ninayefunga mafundo kutwa.

Mteremkoni gari lililala kwenye kona kama zamani, akaliacha lilale. Nyuma ikafuata. Kabla ya daraja lori lilikuwa limekwama likiziba nusu ya njia, upande wake wa pili mtaro. Watu walitupungia mikono tusipite. Mkunga alipita. Niliona vioo vikikaribia kugusana, na nikahisi tairi zetu zikipita juu ya tope laini kabisa la ukingoni, kila moja ikitafuta pake, bila kutoka. Tukaikuta lami.

Hospitali walimkimbiza Sofia moja kwa moja chumba cha upasuaji. Tulikaa kwenye benchi, Mkunga tope tupu toka kisogoni hadi miguuni. Mtoto alitolewa hai, wa kike, lakini alichelewa kulia. Muuguzi aliyetoka kutuambia alikuwa kijana, amechoka, hakujua anaongea na nani.

"Mshukuruni Mungu," alisema. "Ila siku nyingine msichelewe njiani."

Mkunga aliitikia kwa kichwa.

Baada ya hapo aliitoa kabisa ile ya nyuma na kubakiza ya mbele, na gari likawa gari lake tena, linalala kiasi. Ila hamu ya usukani ilianza kumpungua, kisha macho nayo yakapungua. Akahamia kwa Sofia, ambaye sasa wamempa shule ya Buseresere penyewe. Geti lililotazamana na kibaraza changu likapangishwa kwa watu wengine.

Mwaka huu nilipeleka sare za shule Geita, nikaona nisirudi bila kumwamkia. Nilimkuta uani mchana, kwenye kiti cha plastiki, amevaa miwani minene. Alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Kulwa. Umekonda, au ni macho yangu?"

Gari halikuwepo, Sofia alikuwa amekwenda nalo sokoni, maana siku hizi anaendesha yeye. Mjukuu alikuwa anacheza karibu yetu na vifuniko vya soda. Ni mtoto mcheshi, anaongea sana. Mguu mmoja anauburuta. Alichelewa kutembea kama alivyochelewa kulia, na alipoanza, alianza hivyo.

Tulizungumza habari za mtaa, nani kafa, nani kaoa. Kisha akaanza bila kunitazama.

"Siku ile uliniuliza kama kuna muda."

"Nakumbuka, Mama."

"Sikujua."

Nikaokota kifuniko kimoja kilichoviringika hadi miguuni kwangu.

"Nilipima mshipa wake. Ulikuwa unakimbia. Ningekuwa wodini, ningempigia kelele yeyote anayesimama." Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Nisingekuwa na kile chuma nyuma, nisingesimama. Na kile chuma nilikitaka mwenyewe. Fundi aliniambia. Hata wewe uliniambia, na suruali zako."

"Mama, tungeenda vile tungeishia mtaroni. Pale kwenye lori tusingepita."

"Huenda."

"Si huenda, Mama."

"Unajua hivyo? Unajua, au unanituliza?"

Nilitaka kusema najua. Nilimtazama usoni, nikashindwa.

"Sijui," nikasema.

"Basi tuko wawili," alisema, na nikasikia akishusha pumzi.

Gari likasikika nje, honi ikalia. Mtoto akatupa vifuniko, akainuka kwenda kumpokea mama yake. Ua ulikuwa na mashimo ya mvua, na mguu ule ulikuwa ukichora mstari vumbini. Kwenye shimo la kwanza alipepesuka. Nikainuka nimsaidie, lakini Mkunga akanikamata mkono wa shati.

"Mwache."

Nikakaa. Kila mtoto alipopiga hatua, vidole vya Mkunga vilikaza kwenye shati langu. Alipoyumba, vilikaza zaidi, mpaka nikasikia kucha. Sijui aliona kiasi gani kwa macho yale; labda alikuwa anasikiliza. Mtoto akafika getini, akalishika kwa mikono yote miwili, akaanza kumwita mama yake.

Ndipo Mkunga akaniachia.